Uso wa Mama

Hajira alitoka Maskati hadi Dar es Salaam, kilomita karibu elfu nne, kwa saa tano na nusu tu angani. Sasa basi alilopanda lilikuwa limekwama Segera kwa saa tatu, nyuma ya lori lililopinduka, na Korogwe, kwao, ilikuwa pale mbele tu.

Mdogo wake akapiga simu.

"Dada, mama ameshakafiniwa. Tumemwacha uso wazi kwa ajili yako, lakini watu wanataka kumswalia. Na joto hili... Tukusubiri?"

Hajira aliitazama miguu yake iliyovimba kwa safari, ikafura juu ya viatu vipya.

"Mfunikeni," alisema.

Kisha akavua viatu, akamwomba dereva amfungulie mlango.