Hodi

Mashua ya matanga ilipotia nanga kwenye kisiwa kile cha Karibi, Barke alishuka na picha ya ujanani ya kaka yake, Shekue, aliyekwenda ubaharia angali kijana akapotelea huko.

Alizunguka mji mtaa kwa mtaa.

"Shekue? Hatumjui, mama," walimjibu.

"Kwa uzuri huu," mwuza madafu alitania akiitazama picha, "mke wangu angemjua!"

Miguu ilipomchoka alifika nyumba ya mbao kilimani, mlango wazi. Kwa mazoea ya kwao akaita, "Hodi!"

Sufuria ilianguka ndani. Akatoka bibi mmoja, mikono imejaa unga.

"Nani kakupa jina la mume wangu?"

"Si jina, dada. Kwetu ndivyo tunavyobisha mlango."

Bibi akaitazama picha, kisha akaketi kizingitini.

"Alifika akiita hivyo kila nyumba. Tukadhani anajitaja, tukamwita Hodi. Naye akaitika."

Akampeleka uani. Kaburi lilikuwa limezungushiwa makombe makubwa ya baharini, na kibao chake kilikuwa na neno hilo moja tu.

"Hata kwake mwenyewe aliita kila aliporudi," bibi alisema, "halafu akasimama kidogo mlangoni. Alikuwa akingoja nini?"

Barke alipiga magoti, akafuta vumbi kwenye kibao.

"Karibu," alisema.

Bibi naye akalijaribu neno lile, likamkwama. Akalirudia. Kisha wote wawili wakaitazama njia ya kupandia kilimani, ambayo haikuwa na mtu.