Si Gharib

"Adela, njoo dukani kwangu haraka. Gari lako limegongwa, na aliyeligonga nimemwona."

Adela alikata simu ya Rukia, akaacha mitumba aliyokuwa akichagua upande wa pili wa soko la Nkwenda, akatoka mbio kwenye mvua. Kabla hajafika mbali alikutana na baba yake, Mzee Melkiory, aliyekuwa ameingia kutoka Kiruruma na pikapu yake ya ndizi yenye bampa la chuma, akaiacha sokoni, na sasa alikuwa akimtafuta kwa miguu. Wakaenda pamoja.

Gari dogo jekundu lilikuwa palepale alipoliegesha, mbele ya duka la vitenge la Rukia. Mlango umeingia ndani, taa imesagika, tairi la nyuma limelala upande. Mvua ilikuwa imewafukuza watu wote barabarani.

"Nimepita hapa sasa hivi, sikuona kitu," mzee alisema, akishangaa.

Rukia alikuwa amesimama mlangoni. Alipowaona wote wawili, alishika mwimo wa mlango.

"Haya, mwanangu, sema," mzee alimwambia. "Ni nani?"

Rukia alimtazama Adela, akamtazama mzee, kisha akainamisha kichwa. "Sikumwona vizuri. Mvua ilikuwa kubwa."

"Si umeniambia kwenye simu umemwona?" Adela aliuliza.

"Nilichanganyikiwa."

Mzee Melkiory alichuchumaa, akapitisha kiganja polepole juu ya bati lililobonyea. Maisha yake yote aliendesha malori ya ushirika, na alijivunia kwamba hakuwahi kugonga hata kuku. "Hii ni Fuso," alisema. "Gari dogo haliwezi kubonyeza hivi."

Fuso iliyozoea kupakia mtaani hapo ilikuwa moja tu, ya Gharib, mnunuzi wa kahawa. Na Gharib ndiye aliyempangisha Rukia duka. Adela hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kilichomuuma hakikuwa gari. Rukia alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, na Mzee Melkiory ndiye aliyemchukua. Alimsomesha pamoja na Adela, akamwachia swala zake na mfungo wake. Walilala kitanda kimoja mpaka kila mmoja alipoolewa. Leo Rukia huyohuyo anamkingia mtu kifua kwa sababu ya kodi ya duka!

Fundi alilizunguka gari, akataja gharama iliyozidi mtaji wote wa Adela. Askari wa trafiki akamweleza asichotaka kusikia: bima yake ni ile ndogo, haitengenezi gari lake mwenyewe. Wa kulipa ni bima ya aliyegonga, lakini kwanza apatikane. Gharib alikana, akaapa. Bila shahidi, hapakuwa na kesi.

Siku za mnada wa Rugu zikapita, mitumba ya Adela imelala ndani kwa kukosa gari. Mzee hakurudi Kiruruma. Alikaa kwa bintiye, akawa anampeleka kituoni kila mara na pikapu yake, akimhimiza asikate tamaa.

Jioni moja Rukia alibisha hodi, akanyoosha bahasha. "Nimeuza cherehani yangu. Chukua, gari litengenezwe."

Adela aliitupa bahasha miguuni pake. "Mrudishie Gharib hela yake."

"Adela, tafadhali, nina neno nataka nikwambie sisi wawili tu..."

"Ni Rukia huyo?" sauti ya mzee ilitoka ndani.

Rukia akaokota bahasha, akaondoka bila kuaga.

Mwishowe askari aliwaita wote kituoni. Gharib alikaa upande mmoja amefunga mikono kifuani, Rukia upande mwingine, na mzee katikati pamoja na bintiye.

"Si Gharib," Rukia alisema. "Fuso yake haikuwepo."

"Kumbe uliona," askari alisema. "Nani basi?"

"Siwezi kumtaja."

Mzee Melkiory alisimama. "Nimekulea kwa jasho langu. Dereva anayegonga na kukimbia ni mwizi, na wewe unamficha mwizi! Gharib amekupa nini cha kutuzidi sisi?"

Machozi yalimtiririka Rukia, asiyafute. "Nisamehe, baba," akasema. Gharib aliruhusiwa kwenda zake.

Nje, mzee alitangulia kwenye pikapu, akawasha injini. Adela alimfuata, lakini Rukia akamwahi uani.

"Tangu leo usinijue," Adela alimwambia bila kumtazama. "Tukikutana njiani, pita kama hunijui."

"Sawa. Lakini usipande."

"Unasemaje?"

Adela alikwisha shika mlango wa pikapu. Rukia akamkamata mkono kwa mikono yake yote miwili, akamvuta nyuma, akasogeza mdomo sikioni pake ili sauti isivuke mngurumo wa injini.

"Siku ile baba alidhani amegonga ukingo wa mtaro, akashuka kwenye gari hilihili, akakanyaga vioo vya taa yako, akaniuliza kama umeshafika sokoni. Hakuliona gari lako, Adela. Hata mimi hakuniona, alinitambua kwa sauti."