Hester Apanda Mlima

"Ongeza matambara," alisema Winifred Ackroyd. "Moshi wenyewe kama wa mtu anayevuta sigara chooni."

Desmond, dereva, alikuwa amezama hadi kiunoni ndani ya uso wa injini ya treni, chini ya bomba la moshi. Alitoa kichwa, masizi hadi masikioni. "Bibie, nikiongeza tena tutaletewa zimamoto wa Yorkshire nzima."

"Ongeza."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne kamili angefika Bwana Lumley, mkaguzi wa chama kilichoiazima reli yao ya watalii injini hiyo ya mvuke, Hester, na Hester alikuwa baridi kabisa. Alfajiri, maji yalipoanza tu kuchemka, mabomba mawili ya boila yalipasuka yakauzima moto wote. Mkataba ulikuwa na sharti moja lisilo na huruma: kila mwaka Hester apande mlima wa Skelbeck kwa mvuke wake mwenyewe, mkaguzi akiwemo. Akishindwa, anachukuliwa kwenda jumba la makumbusho, asimame juu ya zulia milele. Winifred alikuwa amemsugua injini huyo kila Jumamosi kwa miaka ishirini na miwili, kwa kujitolea. Mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kutunzwa hivyo.

Kilichowaokoa ni ukame. Kiangazi hicho cha mwaka 1995 mvua ilikuwa imeisahau Yorkshire, nyasi kando ya reli zimekauka, na kanuni iliwataka wafunge kichwa cha treni cha dizeli nyuma ya mabehewa, kimsaidie Hester mlimani asije akarusha cheche nyingi. Leo kichwa hicho kingesukuma kila kitu, Hester naye akiwa mzigo. Moshi ungetoka kwenye matambara yenye oili. Mlio ungetoka kwenye spika mbili zilizofichwa nyuma ya rundo la makaa, zikipiga kanda inayouzwa katika duka la stesheni: Hester akipanda mlima huu huu mwaka 1966, kabla serikali haijaifunga reli. Aliyeirekodi hakutajwa kwenye jalada.

Bwana Lumley alifika kwa wakati, mzee mrefu, mpole, koti la mvua mkononi ingawa mbinguni hakukuwa na hata wingu la kusingizia.

"Na ile ya nyuma?" aliuliza, akiionyesha dizeli kwa kidevu.

"Kanuni ya moto, Bwana Lumley. Imefungwa tu, haina kazi yoyote."

"Maskini," alisema Lumley, akapanda behewa la kwanza.

Winifred aliketi mkabala naye, kikombe cha chai mkononi. Watalii walipiga picha, kipenga kikalia, treni ikaondoka. Hester akaanza kukoroma vizuri sana kutoka kwenye makaa. Lumley aliteremsha kioo cha dirisha, akaegemeza kichwa, akafumba macho.

"Humwangalii Hester?" Winifred aliuliza.

"Mimi nasikiliza tu. Macho hudanganyika upesi."

Walianza kupanda. Kule nyuma dizeli ililemewa, mwendo ukapungua, na kwa bahati njema Hester wa kwenye kanda naye akaanza kuhema pale pale, pumzi moja moja, nzito. Hata Winifred, aliyejua kila kitu, alisisimka. Akajiambia kwamba wakivuka daraja lililo mbele wamepona.

Darajani, mbwa akabweka mara tatu.

Winifred alichungulia dirishani. Nje kulikuwa na kondoo, ukuta wa mawe, na kondoo wengine. Ile kanda alikuwa ameiuza mamia ya mara, na hakuwahi kuisikiliza hadi mwisho.

"Mbwa," alisema Lumley, macho yamefumbwa vilevile.

"Wa shamba lile," Winifred aliwahi. "Kila siku anatubwekea hapa hapa. Hana adabu kabisa."

"Kila siku?"

"Haachi hata moja."

"Nafurahi kusikia bado ana nguvu."

Mbwa alibweka tena, safari hii karibu zaidi, kisha akalia kama anayeomba kubebwa. Lumley alitoa leso akajifuta macho. Winifred alimlaani Desmond na matambara yake kimoyomoyo, akanyanyuka kufunga dirisha asije mkaguzi akakohoa.

"Tafadhali," alisema Lumley, "liache."

Treni iliposimama kileleni, Lumley alitoa fomu, akaiweka gotini na kuandika taratibu. Winifred alijaribu kuisoma juu chini, mwandiko ukamshinda. Alikuwa tayari kulia.

"Hester anabaki," alisema Lumley, akimpa nakala. "Amepanda mlima. Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Winifred alilia kweli. Desmond alikuja mbio kutoka mbele, mweusi kama makaa, akaisoma karatasi, akairudia, kisha akavua kofia na kumpa mkaguzi mkono mchafu. Lumley aliupokea bila kujali. Akachukua koti lake la mvua, akateremka, na alipofika chini akamgeukia Winifred.

"Ni kweli mbwa yule hakuwa na adabu," alisema. "Nilitaka kumziba mdomo, lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika kinasa sauti. Aliitwa Tansy. Nilimzika mwaka sitini na tisa."