Kura ya Bomba

Siku ya kura ya maji, hakuna aliyetia alama popote. Nyumba iliyoacha bomba limefungwa kutwa nzima ilihesabiwa kuwa inataka maji yawe mali ya wananchi. Iliyofungua, hata kwa tone, ilikuwa imechagua yawe mali ya kampuni.

Nyemo alikuwa ameweka akiba, lakini mwanawe Lemi aliamka anaharisha, na kufikia adhuhuri ndoo zilikuwa tupu. Mtoto alilia bila machozi.

Mumewe, Chidawali, aliyepwelewa na sauti kwa kuhutubia mikutano ya mtaa, alisimama mbele ya bomba.

"Mama Lemi, vumilia mpaka jua lizame. Tukifungua sisi, nani atabaki?"

"Baba Lemi, mtoto anakwenda huyu. Nipishe!"

Hakusogea. Nyemo alimweka mtoto begani, akamsukuma mumewe kwa mkono mmoja, akafungua. Maji yalitoka kwa kishindo. Alikinga kikombe, akamnywesha Lemi kidogo kidogo, huku Chidawali ameuficha uso viganjani.

Nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke jirani ilipaa: "Jamani, kwa Chidawali wamefungua!"

Bomba lake nalo likaanza kumwaga, kisha la nyumba iliyofuata.