Siku Nne kwa Wiki

Jiko lilikataa kuwaka. Bangili ya afya mkononi mwa Bi Mwanamkuu ilionyesha siku mbili za mazoezi, na sheria ilitaka nne kila wiki, la sivyo jiko halimtii mtu hata nyumbani kwake.

Siku mbili, yeye! Asubuhi hiyo tu alikuwa amepandisha ndoo sita za maji hadi ghorofa ya tano, akafua mashuka, akakuna nazi tatu. Kazi za nyumbani hazikuhesabiwa. Bangili iliziita mapumziko.

Mumewe, Mzee Shekue, aliingia na raba zake mpya, katoka kuzunguka uwanja. Bangili yake iliwaka kijani: siku nne zimetimia.

"Mama Zuhura, si ungekimbia kidogo tu? Siku nne zinakushinda?"

Bi Mwanamkuu alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akamfunga mumewe.

"Jiko linakutii wewe. Haya, songa ugali wa watu wanane."

Akasonga. Mwiko ulimlemea, jasho likamtiririka hadi kidevuni. Alipoepua sufuria, aliitupia jicho bangili yake, akitumaini.

"Umepumzika vya kutosha," ilimwambia. "Sasa inuka ufanye mazoezi."

Mzee Shekue hakuthubutu kumtazama mkewe.