Mche Uliobaki

Tangu asubuhi Kabula, mtafiti wa mbegu za pamba, hakuweza kutulia. Miche aliyoipanda makusudi kwenye udongo wenye ugonjwa wa mnyauko ilikuwa imekufa yote, isipokuwa mmoja, chotara wa pamba ya kawaida na pamba mwitu.

"Huu umepona," alisema mama yake, ambaye shamba lake lilinyauka lote msimu uliopita.

"Labda umechelewa tu kuugua, mama. Ugonjwa hujificha ndani ya shina."

Alikata kitawi kwa wembe, akasita kukipasua. Kikiwa cha kahawia ndani, dalili ya mnyauko, wangeanza upya. Mama akauchukua wembe, akakipasua mwenyewe.

Ndani kulikuwa kweupe.

Mama alivua khanga mabegani, akapiga magoti, akaukinga mche na jua.