Siku Tatu za Maji Safi

Bwana samaki, afisa wa uvuvi, aliubonyeza ubavu wa yule samaki aina ya mwatiko kwa kidole gumba, kisha akakiondoa. Nyama ikajirudi pale pale, wala haikuacha shimo.

"Imekaza," akasema. Akakata kipande cha kupeleka kupimwa mafuta na protini. Kingine akakichemsha bila chumvi, akaonja. "Hana hata harufu ya tope! Umemfanyaje, dada Sidi?"

Sidi alikuwa akikitazama kile kidole kinavyong'aa mafuta.

Miaka minne babake alikataa katakata kula samaki wake. "Samaki wa bwawani ni tope tupu," alikuwa akisema, na kijiji kizima cha Ngomeni kikicheka naye. Hadi Jumatatu, akiwa kitandani, hata uji umemshinda, akamshika mkono. "Mwanangu, hebu nipe huyo samaki wako nimuonje."

Sidi akatoka mbio hadi bwawani. Akamvua aliyenona kuliko wote, akamtia kwenye tangi la maji safi, akae siku tatu bila chakula, tope limtoke. Safari hii baba asipate la kusema.

"Alhamisi utakula, baba."

"Mbali hiyo," mzee akasema.

Walimzika jana, Jumatano. Bwana samaki hakuwa na habari.

"Niambie, na wenzako wajue," akasema, akimsogezea sahani. "Ulifanyaje?"

"Nilisubiri siku tatu," Sidi akasema.

Akamega kipande, akatia kinywani. Kilikuwa kitamu kweli.